Kurasa Alizotusomea Karani

Karani hakuwahi kugusa kompyuta. Miaka yote aliyokwenda mjini Mbinga kila Alhamisi, alikaa kwenye stuli nyuma ya binti aliyeendesha duka la intaneti, mikono ameifungia kifuani kama mtu anayesubiri zamu zahanati, akimwambia afungue nini na afunge nini. Binti akimwambia, "Babu, njoo ubonyeze mwenyewe, haiumi," alijibu, "Mashine moja ilinitosha."

Mashine hiyo ilikuwa mzani. Alikuwa karani wa ghala la kahawa la chama cha ushirika, zamani zile kila kilo ya kahawa ya milima yetu ilipopita mkononi mwa chama. Halafu soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, chama kikadhoofu mpaka kikafungwa. Ghala likawa la mbao. Yeye akabaki na koti jeusi, kalamu mbili mfukoni, na lile jina. Hata watoto waliozaliwa baada ya chama kufa walimwita Karani.

Wengi hawakumpenda. Mama yangu alisema kidole cha yule mtu ni kizito, akiwa na maana kwamba kilikuwa kikiukandamiza mzani. Sijui kama ni kweli. Nilimuuliza Karani mwenyewe mara moja, akasema, "Siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana." Jibu la namna hiyo sijawahi kulipata kwa mtu mwingine yeyote aliyewahi kushika ofisi.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Nimepakia mizigo kwenye malori, nimeuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, nikiwatoa Ngumbo na kuwapandisha Mbinga, nimelima vibarua Tingi, nimelala kwenye nyumba za watu ambao majina yao nimeyasahau. Nikikaa mahali miezi mitatu miguu inaanza kuwasha. Lakini kusoma sikuacha. Nilisoma gazeti lililofungiwa maandazi, nilisoma maelezo ya mbolea kwenye mfuko. Ndiyo maana, kila niliporudi kwetu Kitura, nilikwenda kwa Karani kabla hata sijakaa vizuri nyumbani.

Nyumbani palikuwa na mama, na palikuwa na kahawa. Baba aliipanda mteremko mzima, kutoka njiani mpaka kwenye kijito, na kabla hajafa alisema mbele ya ndugu kwamba kahawa ni yangu. Kwetu mibuni ni mali ya wanaume. Mama aliipalilia, akaichuma, akaimenya na kuianika, lakini kuing'oa hakuweza bila neno langu. Na bei ilikuwa imeanguka. Ilianguka mpaka watu wakaacha kahawa ikaivia mtini na kudondoka. Mama alikuwa akizeeka, chakula kilikuwa kinatoka kwenye kipande kidogo nyuma ya jiko, na ule mteremko mzuri wote ulikuwa umejaa kitu kisicholiwa. Kila nikirudi aliniuliza swali lile lile, bila kupandisha sauti.

"Ning'oe au niache?"

Swali hilo nililibeba nikaenda nalo kwa Karani. Sikumuuliza waziwazi. Nilikaa tu nikasikiliza anasoma nini.

Alisoma Jumapili baada ya misa. Zamani Wamatengo walikuwa na sengu, wanaume wa mlima mmoja wakila pamoja kwa mkubwa wao na kuzungumza mambo yao. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kufa. Karani aliifufua kwa namna yake, uani kwake, na akawaruhusu wanawake wakae pia, jambo ambalo wazee wawili watatu hawakulipenda. Walilinung'unikia huku wakila. Ukishanawa mikono na kula ugali na maharage, alitoa kurasa kwenye mfuko wa mbolea uliokuwa umefuliwa ukawa mweupe, akavaa miwani yake yenye uzi, akaanza.

Zilikuwa kurasa alizozichapisha Alhamisi. Nyingi zilikuwa za Kiingereza, naye Kiingereza chake kilikuwa cha barua za ofisi, kwa hiyo alikesha nazo Ijumaa na Jumamosi na kamusi isiyo na jalada. Alisoma sentensi kimoyomoyo, kisha akaitoa kwa Kiswahili, na akiona wazee wamelegea aliirudia kwa Kimatengo. Akifika pagumu hakubuni. Alisema, "Hapa sipaelewi, turuke," na tukaruka wote. Kila alipomaliza ukurasa aliweka neno lile lile: "Nimelisoma, sijaliona." Halafu alikunywa chai. Chai yake haikuwa na sukari ya kutosha. Kwa sukari alikuwa bahili, na kwa kalamu; ukimwazima kalamu alikaa anakutazama mkono mpaka umrudishie.

Alichagua habari za kutia moyo. Si zote, lakini nyingi. Alisema habari mbaya hazihitaji kufuatwa mjini kwa miguu asubuhi nzima, zinakuja zenyewe. Alitusomea habari za mahali ambapo wakulima hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba na tembo hawasogei. Alitusomea habari za bibi mmoja aliyeanza darasa la kwanza akiwa na wajukuu. Alitusomea habari za watu waliorudisha msitu kwenye milima iliyokuwa mawe matupu, na siku hiyo mzee mmoja jirani alimkatiza.

"Walichukua muda gani?"

"Miaka thelathini."

"Aa. Basi hiyo ni habari njema ya watu wengine."

Watu walicheka. Karani alicheka pia, kidogo, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa.

Kuna wakati alileta ukurasa kuhusu nchi moja ya milima mikavu ambako watu hutandaza nyavu kwenye upepo, ukungu unanasa, maji yanachuruzika kwenye pipa. Wanawake wa juu ya mlima, ambao hushuka bondeni kuteka maji, walimwambia asome tena. Akasoma tena. Wiki ile ile walipachika chandarua kwenye miti miwili pale kileleni, mahali ukungu wetu unapopita kila asubuhi. Kulipokucha wakapata nusu ndoo. Mama mmoja akaonja, akatema.

"Karani, ukungu wako una dawa ya mbu."

Walikuwa wametumia chandarua cha kliniki. Mtu mwingine angeona haya. Jumapili iliyofuata Karani alisimama na kueleza jambo lile kama alivyoeleza kurasa nyingine, chandarua, kileleni, nusu ndoo, uchungu, na mwisho akasema, "Hili nimeliona. Kidogo."

Watu walimpa maswali ayapeleke mjini. Waliyaandika nyuma ya stakabadhi za zamani za chama, alizokuwa nazo mabunda kwa mabunda. Je, kuna nchi isiyo na nzi? Je, mtu akifa mwezini anazikwa wapi? Bibi mmoja alitaka kujua kama kuna watu wengine duniani wanaolima kwa mashimo kama sisi. Jibu la hilo lilimfurahisha Karani kuliko yote. Alirudi na ukurasa wenye picha ya mteremko uliojaa mashimo kama sega la nyuki, na maneno ya msomi wa nje aliyesema kilimo hiki cha ngoro kinazuia udongo usisombwe na mvua, na kwamba ni akili kubwa. Ukurasa ulizunguka mkono kwa mkono. Palitokea ubishi kama ule mlima ni wetu au wa jirani.

"Huyu mzungu kaja mpaka huku kupiga picha mashimo," alisema mzee mmoja, "na vijana wetu hawataki hata kuyachimba."

Nilitazama chini. Sikudhani alikuwa akinisema mimi. Alikuwa akisema tu.

Mimi niliuliza kuhusu ziwa. Karani akaniletea kwamba Nyasa ina aina za samaki zisizopatikana kwingine, na kwamba wako samaki ambao mama hubeba watoto mdomoni wakati wa hatari. Nilikariri ukurasa ule. Nilishuka nao Ngumbo nikawasimulia akina mama waliokuwa wakianika usipa. Waliniacha nikamaliza.

"Hiyo tunaijua tangu tukiwa watoto," mmoja akasema. "Wewe umeifuata Mbinga?"

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Sikujali. Kubeba habari kulinifaa. Ni mzigo usio na uzito, na popote unapofika nao unapewa pa kukaa.

Basi Karani alisoma pia habari za kahawa. Alisoma kwamba kule Brazili baridi kali ilikuwa imeunguza miti, kwa hiyo kahawa ya dunia itapungua na bei itapanda. Alisoma kwamba Wachina wameanza kunywa kahawa.

"Wachina wako wengi?" aliuliza mzee jirani.

"Wengi sana."

"Basi tusubiri wafike wote mezani."

"Nimelisoma," alisema Karani, "sijaliona."

Maneno haya ya mwisho sikuyapeleka nyumbani. Nilimwambia mama kwamba bei itapanda, Karani kasoma, baridi imeua miti Brazili.

"Brazili ni wapi?"

"Mbali, mama."

"Na hiyo baridi yao itafika huku lini?"

"Msimu ujao, au ule mwingine."

Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. "Kwa hiyo niache."

"Acha."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi kwa sababu kila mtu analijua. Ngoro ina kazi mbili. Mwanamume hufyeka majani mwezi wa pili au wa tatu, akayaacha yanyauke, kisha huyapanga mteremkoni kwa miraba, kama nondo za dirisha. Mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, mpaka linabaki shimo katikati na matuta pande nne. Juu ya matuta hupandwa maharage, na baadaye mahindi. Bila majani kupangwa, mwanamke hana pa kuanzia. Angeweza kuyapanga mwenyewe, mikono anayo, lakini haifanyiki. Mwanamke anayepanga majani anatangaza mlima mzima kwamba kwake hakuna mwanamume.

Kwa hiyo kung'oa kahawa kulikuwa na maana ya mimi kukaa. Si wiki moja. Kung'oa visiki, kufyeka, kupanga, kisha mwaka unaofuata tena. Kuiacha kahawa hakukunidai chochote.

Mwaka uliofuata nilitoka Tingi siku ya katikati ya wiki, nikapita njia ya chini ya kijito ambayo sipendi kuipita kwa sababu ya matope. Njia hiyo inatokea nyuma ya shamba la Karani. Nikamkuta huko, hana koti, amevaa shati lililochanika begani, nyengo mkononi, lile panga letu lenye ncha iliyopinda. Shamba lake la kahawa lilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeng'olewa. Visiki vilikuwa vimepangwa chini ya upenu kama kuni, na majani yalikuwa yamekwisha lazwa kwa miraba, mistari imenyooka kama ya daftari la hesabu. Mkewe alikuwa akichimba upande wa chini.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Leo umepita njia ya chini."

"Ndiyo."

"Ina matope."

"Ina matope."

Akafuta jasho. Mkewe akaniletea maji ya kunywa. Nikanywa, nikashukuru, nikaenda zangu. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Nakumbuka nilikuwa natembea na kichwani hamna kitu kabisa, kama redio iliyozimwa. Jumapili nikala ugali wake, nikamsikiliza akisoma tena habari za Wachina. Alinitazama juu ya miwani. Nikatazama sahani. Jioni nikamwambia mama kwamba habari za kahawa ni nzuri.

Siku ya tatu nikapata lori la kushuka ziwani.

Nilikaa kule misimu miwili. Nilivua na watu, nikavuka Mbamba Bay, nikarudi Ngumbo, nikapata homa, nikapona. Pale Ngumbo fundi baiskeli mmoja alikuwa na redio, na siku moja redio ikasema bei ya kahawa inapanda. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Kurasa zilikuwa za kweli. Zilichelewa tu. Nilipanda lori nikarudi Kitura nikiwa na habari njema ya kwangu mwenyewe, iliyo kweli, na nilidhani nitafurahi nikifika.

Kutoka njiani niliona mteremko wetu. Sehemu ya chini, kuanzia kijito mpaka katikati, haikuwa na kahawa. Palikuwa na ngoro, safu juu ya safu, na juu ya matuta mashina makavu ya maharage yaliyokwisha kuvunwa. Sehemu ya juu kahawa ilikuwa bado imesimama.

Mama alikuwa jikoni. Alikuwa amekonda, lakini amesimama vizuri. Alinitengea chakula kabla ya kusema lolote.

"Mama, umeng'oa."

"Nimeng'oa."

"Bila kuniambia."

"Nilikusubiri msimu wa kwanza. Nikakusubiri wa pili. Msimu wa tatu nilikuwa nala mara moja kwa siku, baba. Ningekuambia uko wapi?"

Maharage yalikuwa mapya, yamechemshwa na chumvi tu. Nilikula. Kisha nikauliza lililokuwa limebaki, kwa sababu hata kwa mbali niliona miraba ile haikupangwa na mtu asiyejua.

"Majani alipanga nani?"

"Karani."

Alilitaja jina hilo bila ile sauti yake ya zamani. Nilikwenda kumwona kesho yake.

Hakuwa akienda mjini tena. Magoti yalikuwa yamekwisha, alitembea na fimbo mbili kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha barazani, na koti lilikuwa limemzidi. Binti wa duka la intaneti alikuwa akimtumia kurasa chache kwa mtu yeyote aliyepita, amechagua mwenyewe. Karani alisema binti anachagua vizuri ila anapenda mno habari za nyota.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Umerudi na kahawa imepanda."

"Imepanda. Nimesikia redioni."

"Sasa tumeliona," alisema. Hakutabasamu. Nami sikutabasamu.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia nimeambiwa majani ya mama alipanga yeye.

"Ya sehemu ya chini, ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alikuja kuniambia. Alisimama pale uani, hakutaka kukaa. Akasema, Karani, wewe ndiye uliyemwambia mwanangu nisubiri, basi chukua nyengo uje." Alinyoosha mguu mmoja kwa mkono, taratibu. "Nikachukua nyengo."

"Watu walisema nini?"

"Walisema nimezeeka nimeanza kumtongoza mjane. Mke wangu alicheka sana. Akaniambia nenda, lakini ukirudi umechoka usiniombe maji ya moto."

Mkewe alikuwa ndani, nikamsikia akiguna.

Nilitazama uani, mahali watu walipokuwa wakikaa Jumapili. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota. Nikasema, "Ulikuwa umeng'oa yako. Nilikuona."

"Najua uliniona. Nilisubiri uniulize. Jumapili ile nasoma habari za Wachina nilikuwa nakutazama wewe. Ungeuliza ningekujibu mbele ya watu wote."

"Ungejibu nini?"

"Ningesema nimeng'oa nusu kwa sababu tunakula leo, na nimeacha nusu kwa sababu nimesoma. Nusu ya mlima huu walifanya hivyo hivyo. Walinisikiliza, wakala ugali wangu, kesho yake wakashika jembe. Sikuona haja ya kuwaambia. Nani asiyejua?" Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha. "Wewe ulikuwa unachukua kurasa tu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma namba kwenye mzani, akiniacha niitazame mwenyewe. Nilisubiri nione aibu. Haikuja, au ilikuja ikakuta mlango umefungwa. Nilichokiona ni mikono yake iliyolala mapajani, yenye makovu mapya ya majani, na vidole ambavyo havikunyooka sawasawa.

"Sehemu ya juu bado," alisema. "Si lazima muing'oe sasa, bei ikiwa hivi. Lakini ile ya chini inataka majani mapya mwaka huu, na mimi kule sipandi tena. Mwezi wa tatu umefika."

"Umefika."

"Kuna lori la Mbamba Bay kesho?"

"Lipo."

Alitikisa kichwa, akaniuliza samaki wanapatikanaje, nikamwambia, na tukazungumza samaki mpaka mkewe akamletea uji.

Kesho yake lori lilipiga honi barabarani asubuhi. Nilikuwa mteremkoni nimeinama, nililisikia likipunguza mwendo pale kwenye kona, likasubiri kidogo kama linavyosubiri abiria, likaondoka. Nilikuwa nimefyeka kipande kidogo, na kwa kuwa majani yake yalikuwa bado mabichi nikabeba ya jirani yaliyokwisha kukauka, nikajaribu kupanga safu ya kwanza ili nijue kama naikumbuka. Mikono ilikuwa inavuja damu mahali pawili. Jua lilipopanda nilikuwa na miraba kumi na kitu.

Mama akaja na jembe begani. Alisimama chini ya safu yangu, akaitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akaingia katikati ya mraba mmoja, akanyoosha jembe upande huu, akanyoosha upande ule.

"Umeyaacha mbali," alisema. "Mimi siyafikii kutoka hapa. Karani alikuwa anayaweka karibu."

Nikapanda mpaka mwanzo wa safu, nikaanza kuyasogeza.